Kioo cha Hadubini ya Idodi

Miaka ile reli ya kwenda Zambia ilipokuwa inajengwa, nilikuwa fundi vioo katika duka moja mjini Mbeya, mtaa mmoja juu ya soko. Nilikata vioo vya madirisha, nilitia picha za harusi kwenye fremu, na madereva wa malori waliovunjikiwa na kioo cha mbele njiani walikuja kwangu wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Nilipanga chumba Ilomba na kwenda kazini kwa miguu. Katika miezi ya kipupwe nilifika vidole vimekufa ganzi, ikanibidi kuvipasha kwenye jiko la mafuta ya taa kabla ya kushika kisu cha kukatia vioo.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindu aliyezaliwa huku huku nyanda za juu. Nyumba ya ghorofa aliyoijenga ilikuwa imeshachukuliwa na Serikali, naye akawa mpangaji ndani ya kuta zake mwenyewe. Jambo hilo hakulizungumza mbele yangu hata mara moja. Kutoka kwa baba yake alikuwa amerithi kazi ya kutia fedha, yaani kugeuza kioo kitupu kuwa kioo cha kujitazamia. Kwa muda mrefu aliiacha, maana vioo vya kiwandani vilikuwa rahisi. Bidhaa zilipoanza kuadimika, akatoa tena chupa zake nyeusi kabatini, akanichukua kuwa msaidizi wake.

Kazi hiyo aliifanya Jumapili tu, duka likiwa limefungwa, mlango wa mbele na wa nyuma yote imetiwa komeo. Majirani walisema Mhindi anaficha ujuzi wake. Mimi nami niliamini hivyo, na kwa kuwa nilikuwa ndani pamoja naye, nilijiona nimependelewa.

Kutia fedha si kazi ya nguvu. Sehemu kubwa ni kuosha. Mzee alisugua kioo kwa chaki iliyosagwa laini na amonia, akakisuuza, akakipitisha haraka juu ya moto wa spiriti, akakisuuza tena. Kisha alikiinamisha na kuangalia maji yanavyoondoka. Kioo kikiwa safi kweli, maji hutanda juu yake yote kama shuka, hayaachi tundu. Kikiwa na uchafu, hata ule usioonekana kwa jicho, maji hujikunja pale penye uchafu na kuwa matone, kama kwenye jani la gimbi. Hapo mzee alirudi kwenye chaki. Mchana mzima ungeweza kupita hivyo. Fedha yenyewe, iliyoyeyushwa katika dawa, ilikuja mwishoni, na ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Shule niliishia darasa la nane. Lakini kazi ile ilinipa maswali, na katika soko la Iringa nilikuwa nimenunua kitabu cha kemia cha Kiingereza kisicho na jalada, nikakisoma kwa msaada wa kamusi kila jioni. Humo nilijifunza kwamba ile fedha nyuma ya kioo ni nyembamba mno. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hiyo mara mamia. Nilijifunza pia kwamba karibu mambo yote yanayotupata katika vitu hutokea kwenye uso wake. Kutu, rangi kubanduka, gundi kushika au kukataa, yote ni habari ya ngozi ya kitu, si ya nyama yake. Sikuwa na mtu wa kumweleza hayo. Mzee alikuwa anayajua kwa mikono, na wenzangu wa Ilomba walipendelea habari za mpira.

Julai mwaka mmoja, dada yangu mkubwa alishuka kwenye basi la Iringa akiwa na kikapu na mkebe wa maziwa ya unga. Alikuwa msaidizi wa maabara katika kituo cha afya karibu na Idodi, njia ya kwenda mbugani Ruaha. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la mashariki, meza na hadubini moja ya zamani. Umeme haukuwepo. Hadubini ilipata mwanga wake kwa kioo kidogo cha duara kilichokaa chini yake, kilichobonyea kama kijiko, ambacho kilichukua mwanga wa dirishani na kuurusha juu kupita kwenye kile kinachochunguzwa.

Alikaa juu ya kasha la vioo dukani, akafungua mkebe, akafunua kipande cha kanga. Ndani yake kulikuwa na kioo hicho, kipana kama mdomo wa kikombe. Masika yaliyopita unyevu uliingia nyuma yake. Rangi ilivimba, fedha ikaoza, na sehemu kubwa ikabaki kioo kitupu.

“Huyu amekufa,” alisema. “Mfufue.”

Nilimwuliza kwa nini asiombe kipya mjini. Akasema ameshaomba, na jibu lake ndilo lililomtoa Idodi. Ofisi ya afya ya mjini Iringa ilimwambia kwamba vipuri havipo nchini. Na kwa kuwa hadubini yake haifanyi kazi, gari la dawa litakapokuja mwisho wa mwezi litaichukua, ipelekwe kwenye kituo kingine ambacho kina kioo kizima lakini mashine yake imekufa.

Alinieleza maana ya jambo hilo bila kupandisha sauti. Pale Idodi watoto wengi walikuwa wanakojoa damu, kwa sababu ya mifereji ya mashamba ya mpunga wanayoogelea. Kwa hadubini aliweza kuona mayai ya kichocho asubuhi, na mtoto akapewa dawa siku ileile. Bila hadubini ilibidi kila mmoja aandikiwe aende Iringa, na kwenda Iringa kulitaka lori na mzazi wa kuacha shamba. “Nikimwandikia mtu aende Iringa,” alisema, “najua anakwenda nyumbani.”

Alikuwa amejaribu kioo cha kunyolea cha mwalimu mmoja, akakifunga kwa plasta. Lakini kile kilikuwa bapa, na lenzi ya kukusanyia mwanga chini ya kibao cha hadubini ile ilikwisha kuvunjika zamani kabla yake. Kile kioo kilichobonyea ndicho kilichofanya kazi zote mbili. Kwa kile bapa, alisema, alitazama mayai kama mtu anayesoma gazeti jioni bila taa: anajua habari ipo, haioni.

Mzee hakuwepo. Alikuwa amekwenda Iringa kwenye msiba wa ndugu yake mwenye duka kule, akaniachia funguo. Nilifungua kabati, nikatazama chupa ya chumvi ya fedha. Kilichobaki kilikuwa kidogo, lakini na kioo nacho kilikuwa kidogo. Nikamwambia dada itawezekana. Nilikuwa nimeshafanya kazi ile na mzee mara nyingi. Sikuona sababu ya kungoja Jumapili, kwani mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja, na dada hakuwa na ruhusa ya kukaa.

Kwanza niliondoa mabaki ya rangi na fedha ya zamani. Kisha nikanunua maji ya betri, yale yanayotengenezwa kwa mvuke, kwenye kituo cha mafuta barabara kuu, maana dawa ya fedha haivumilii maji ya bomba. Nilipochanganya, dawa ikawa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Nikaelewa mara moja. Mtu wa kituo cha mafuta alikuwa amejazia madumu yake kwenye bomba. Kwa betri za malori ilitosha, kwa fedha haikutosha. Dawa iliyoharibika niliimwaga papo hapo, kama mzee alivyonifundisha, kwani dawa ya namna hiyo ikiwekwa inaweza kulipuka.

Dada hakunilaumu. Aliuliza tu kama tuna birika. Tulichemsha maji, tukaelekeza mvuke kwenye kipande cha kioo cha dirisha kilichoinamishwa, matone yakatelemka hadi kwenye bakuli safi. Mchana wote ulikwisha hivyo, yeye akiangalia moto, mimi nikihudumia wateja. Kila aliyeingia aliuliza kama siku hizi tunauza chai.

Kesho yake niliosha kioo tangu asubuhi. Chaki, amonia, moto wa spiriti, kusuuza. Maji yalitanda vizuri kabisa. Nikakiweka ukingoni mwa bakuli, nikaanza kuchanganya dawa.

Hapa lazima nieleze jinsi dada yangu alivyopokelewa pale mtaani. Mgeni anapofika kwa mtu, watu huja kumsalimia, na kumsalimia ni kumpa mkono. Yule mama aliyeuza ndizi za Tukuyu mbele ya duka alikuja, akamshika dada mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akapiga goti kidogo, akaulizia wa nyumbani mmoja mmoja. Kisha akanigeukia mimi kwa mkono uleule, kana kwamba tulionana mara ya mwisho mwaka jana. Alikuja fundi cherehani wa jirani, na mkewe. Alikuja kijana wa duka la kanga. Alikuja Mhehe mmoja aliyefanya kazi benki, aliyesikia kuna mtu wa kwao, wakasemeshana “kamwene, kamwene” hadi birika lilipopoa. Wote walinipa mkono nami nikawapa wangu. Mtu hawezi kukataa mkono wa anayemheshimu dada yake.

Baada ya kila salamu nilirudi mezani. Dawa ilipokuwa tayari nilikishika kioo kwenye kingo, nikakilaza juu yake mgongo ukigusa. Dawa ikageuka kahawia, ikawa nyeusi, kisha mng'ao ukaanza kuonekana kutoka chini. Dada alisogea. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Nilipokiinua na kukisuuza, fedha ikatelemka sehemu mbili tatu pembeni, kama utando wa maziwa yaliyochemka unavyofuata kijiko. Pale ilipotoka palibaki wazi.

Nilitazama chupa. Kilichobaki ndani kingetosha mara moja tu, na mara hiyo iwe ya uangalifu.

“Kama haiwezekani, niambie,” dada alisema. “Nirudi nikaandae sanduku lake, wasilikute lina vumbi.”

Nilimwomba siku moja zaidi. Nilikuwa na mazoea, yaliyotokana na kile kitabu kisicho na jalada, kwamba kitu kikiharibika nisiulize kimeharibika vipi kabla sijauliza kiliharibika lini. Kwa hiyo sikugusa chupa ya fedha. Nilikisafisha kioo upya na kuanza kazi yote tena bila dawa, nikipima kwa maji kila hatua. Baada ya chaki, maji yalitanda. Baada ya moto, yalitanda. Baada ya kukaa ukingoni mwa bakuli, yalitanda vilevile, kwa hiyo si vumbi wala baridi. Nilikuwa nimeinama hivyo wakati fundi baiskeli wa nyuma ya soko alipoingia. Alikuwa hajamsalimia mgeni. Alitoka kwenye kazi yake moja kwa moja, viganja vyeusi kwa grisi. Akakunja ngumi, akanipa kifundo cha mkono.

“Shika hapa, ndugu yangu. Leo ni grisi tupu.”

Nikamshika kifundo, naye akaenda kumpa dada kifundo vilevile. Ni jambo la kila siku. Mtu mwenye mikono ya tope, ya ugali au ya grisi hutoa kifundo ili asimchafue mwenzake, na hakuna anayelitafakari. Lakini safari hii nilibaki nimesimama nikitazama kiganja changu mwenyewe. Kilikuwa kinang'aa.

Anayejua Mbeya mwezi wa Julai anajua watu wake wanavyong'aa. Upepo wa mlimani hukausha ngozi hadi ikapasuka, kwa hiyo asubuhi kila mtu, mkubwa kwa mdogo, hujipaka mafuta ya mgando usoni, mikononi na miguuni. Asiyejipaka huonekana kama amelala kwenye majivu. Mimi nilikuwa nimeosha mikono kwa sabuni hadi ikauma. Lakini baada ya kuosha, mtaa mzima ulikuwa umenipa mafuta yake kwa heshima na upendo, kiganja kwa kiganja, nami nikayapeleka kwenye kioo.

Nilikigusa kioo kwa kidole kimoja, nikamwagia maji. Shuka lote likatanda, isipokuwa pale. Pale maji yalijikunja, yakaacha tundu lenye umbo la ncha ya kidole.

Nilimwita dada, nikamwonyesha. Alitazama tundu, akatazama mkono wangu, kisha mlango uliokuwa wazi na yule mama wa ndizi aliyekuwa anapaka miguu mafuta juani.

“Kwa hiyo wamenikaribisha hadi wameniharibia,” alisema, akaanza kucheka.

Kesho yake haikuwa Jumapili, na duka sikuweza kulifunga, kwa sababu kulikuwa na madirisha ya watu. Nikaamua kutompa mtu mkono siku hiyo. Sikujipaka mafuta, niliosha mikono, na kila aliyekuja nilimpa kifundo. Hapo nilijifunza kwamba ni rahisi kuosha kioo kuliko kueleza. Kifundo cha mtu mwenye mikono michafu hakina matata. Lakini mikono yangu ilikuwa myeupe kwa ukavu na safi kuliko ya yeyote mtaani. Fundi cherehani alisema nimekuwa daktari wa upasuaji. Yule kijana wa duka la kanga aliuliza kama naogopa atanichukua pete. Mama wa ndizi hakutania. Alikishika kifundo changu, akaugeuza mkono, akaukagua kama anayenunua nyanya.

“Mbona msafi, mwanangu? Nimekukosea nini?”

Nilimweleza kwa kirefu, habari za mafuta, fedha na maji yanayojikunja. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba watoto wa kwao wanaooga mtoni nao wanakojoa damu, na ya nini kuzunguka kote huko, ningesema tu ni kazi ya wagonjwa. Akachukua kigoda chake, akakiweka kizingitini mwa duka, akakaa. Kila aliyetaka kuingia kusalimia alipokelewa na yeye hapo hapo, na mikono yote ikaishia kwake.

Nyuma yake mimi nilifanya kazi bila haraka. Niliosha na kupima, nikachanganya na kupima tena. Dada alishika kitambaa cheupe, hakugusa kitu. Nilipokilaza kioo juu ya dawa nilisikia nje yule mama akimshukuru mtu kwa lugha yao, “Ndaga, ndaga, rudi mchana.” Dawa ikawa kahawia, ikawa nyeusi, mng'ao ukaja taratibu kwa sababu ya baridi. Nilingoja muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Nilipokisuuza, hakuna kilichotelemka.

Kabla ya kupaka vanishi na rangi nyuma yake, nilifanya kile ambacho mzee alikuwa akifanya daima. Nilitoka uani, nikakinyanyua kioo kuelekea jua, nikachungulia mara moja kupitia ile fedha. Fedha ikiwa ya kutosha na imeenea sawasawa, jua huonekana kama sarafu ndogo ya buluu, bila miali. Nikampa dada naye. Alichungulia, akakirudisha haraka, akasema hakuwahi kufikiri kwamba fedha inapitisha kitu.

Tuliondoka pamoja, kwani nilitaka kukifunga kioo mahali pake mimi mwenyewe. Basi lilituchukua siku nzima hadi Iringa. Mjini tulipanda kilimani hadi kwenye duka la ndugu wa mwenye duka langu, kutoa pole ya msiba. Mzee alikuwa amekaa ndani kwenye mkeka na ndugu zake. Alipoona mkebe wa maziwa alitoka nje. Alikichukua kioo kwa kingo, akakigeuzageuza, akapuliza pumzi juu yake na kutazama ukungu unavyoondoka. Aliuliza nilikifanya Jumapili ipi. Nikamweleza yote: maji ya betri, birika, salamu, kifundo, na mama wa ndizi mlangoni.

Alistaajabu.

“Wewe ulidhani mimi nafunga mlango kwa sababu gani?”

Nilisema nilidhani ni siri ya kazi.

“Siri gani? Baba yangu alimfundisha kila aliyetaka, hakuna aliyetaka. Nafunga kwa sababu ya mikono. Mlango ukiwa wazi watu wanaingia, na mtu akiingia huwezi kumnyima mkono. Nilidhani unajua. Ulikuwa ndani na mimi miaka yote.”

Ndiyo sababu sikujua. Nikiwa ndani pamoja naye, hakuna aliyenipa mkono hata mimi. Kile alichokuwa anakizuia sikuwahi kukiona kikitokea. Niliwaza hilo njia nzima ya Idodi, juu ya magunia ya lori, na bado huwa nalikumbuka. Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba kwenye viwanda vikubwa vya lenzi, kioo kikishaoshwa kwa kila dawa, huingizwa katika chombo kilichotolewa hewa, kisha umeme ukapitishwa kwenye ile hewa kidogo iliyosalia hadi ikawaka rangi kama taa za matangazo za mjini. Mng'ao huo ndio unaofagia mafuta ya mwisho yasiyotolewa na sabuni. Nilifurahi kusoma hivyo. Niliuona moto wa spiriti wa mzee wangu kuwa jamaa wa mbali wa huo, na mlango wake wenye komeo kuwa jamaa wa kile chombo.

Idodi kulikuwa na joto, na hakuna aliyejipaka mafuta. Tulifika jioni. Asubuhi nilikifunga kioo chini ya hadubini, dada akakigeuza kuelekea dirishani, akainama juu ya lenzi. Alikaa hivyo muda mrefu. “Mchana umeingia,” alisema tu.

Gari la dawa lilikuja kabla ya mwezi kwisha, nami bado nilikuwepo nikingoja lori la kurudi. Alikuja nalo mtu wa ofisi ya afya, mrefu, mpole, anayeonekana kuwa na usingizi wa safari. Dereva wake hakungoja kuambiwa. Alijua walichofuata. Alikwenda stoo, akalitoa sanduku la mbao la hadubini, akalipakia nyuma ya gari likiwa tupu ili liwe tayari.

Dada alikuwa ameshaweka kipande cha kioo chenye mkojo wa mtoto wa shule wa asubuhi ile. Hakumwomba mgeni kitu. Alisema, “Karibu utazame kabla hujaichukua.”

Yule bwana alivua miwani, akainama. Akasogeza kipande kidogo kushoto, kidogo juu. Nje mtoto mwenyewe alikuwa amekaa ukutani na bibi yake, anachora chini kwa kijiti.

“Mayai haya hapa,” bwana alisema. “Na huku mengine.” Akainama tena, akatazama chini ya mashine. “Kioo mmepata wapi?”

Dada alinionyesha kwa midomo. Yule bwana akaja, akaninyooshea mkono. Nami, kwa mazoea ya siku zile, nikampa kifundo. Alikishika, kisha akautazama mkono wangu.

“Una nini mkononi?”

“Sina kitu, bwana. Nilisahau kwamba kazi imekwisha.”

Hakuelewa, lakini alicheka kidogo kwa adabu. Kisha akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akasema jambo ambalo ilikuwa haki yetu kulisikia. Alikuwa ameshawaahidi watu wa kile kituo kingine, na wao wana watoto kama hawa. Walikuwa wameshamsafishia meza. Aliongea kwa uchovu, macho yakiwa dirishani. Mimi nilifahamu kwamba kioo changu hakikuongeza hadubini hata moja mkoani. Kilichofanya ni kwamba ile iliyopo ilikuwa inaona, na mtu aliyezoea kuitumia alikuwa amesimama kando yake.

“Mashine yao imekufa sehemu gani?” niliuliza.

Alinitazama, akafikiri. Alisema bomba la lenzi linateleza, halishiki. Nikamwambia hiyo si kazi ya kioo, lakini ni kazi ya mkono, na kwamba Mbeya namfahamu fundi baiskeli mmoja ambaye angeitazama. Ilete tu na gari lolote linaloshuka huko.

Kisha akaenda mlangoni, akamwita dereva.

“Rudisha hilo sanduku stoo.”

Dereva alilirudisha, akinung'unika kwamba angeambiwa mapema. Dada akamwita yule mtoto na bibi yake. Bibi aliingia akiwa amenyoosha mkono, na dada akampa kifundo. Bibi akakishika bila kuuliza, labda akidhani ni desturi ya maabara. Dada alikuwa ameshageukia dirisha, akizungusha kile kioo kwa ncha za vidole, kwenye kingo tu, akitafuta jua lilipofika.